Brashi ya Kunyolea: Nywele Zake ni za Mnyama Gani?

Yapo mambo madogo ya nyumbani ambayo mtu huyatumia umri wake wote wala asiyaulize. Nyama huulizwa imechinjwa na nani, na mafuta huulizwa yametoka wapi. Lakini brashi ya kunyolea hukaa katika mkebe wake pamoja na wembe, ikapakwa kichwani na usoni wiki baada ya wiki, na asipatikane mtu wa kuigeuza akatazama chini ya mpini wake pameandikwa nini. Jambo hili tumeliona kwa macho yetu Njombe, na kwa kuwa lilikaribia kuivunja furaha ya akika na kumtia mjane katika huzuni ya pili, tumeona ni haki ya wasomaji wetu kulieleza kwa urefu, wazee na vijana, na khasa kina mama ambao ndio wanunuzi wa vitu vingi vya nyumba.

Njombe ni mji wa baridi. Uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na misindano, miwati na mashamba ya chai, na katika miezi ya Juni na Julai umande huganda mabondeni ukawa mweupe kama chumvi. Mtu wa pwani akiamka huko husitasita kutia mkono katika ndoo. Katika baridi ya namna hiyo kunyoa kwa maji matupu ya mtungini ni adhabu: unywele huwa mgumu, ngozi husinyaa, wembe hukwaruza, na damu hutoka. Basi wazee wengi wa huko hawakuiacha brashi na sabuni hata baada ya mashine za umeme kuenea katika vibanda vya vinyozi. Hupasha maji, huliloweza eneo la kunyolewa kwa dakika mbili tatu mpaka unywele ulainike, kisha hupiga povu zito kwa brashi na kulipaka kwa kuzungusha, ili povu lishike moto na kuuinua unywele kutoka ngozini. Mwenye kuijua raha hii haachi kwa urahisi.

Mzee wa nyumba tuliyofikia alikuwa mtu wa namna hiyo. Alifariki mwaka uliotangulia, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndevu zake aliziacha, hakuzigusa ila kwa mkasi, lakini kichwa alikinyoa kila Ijumaa asubuhi kabla ya kuoga na kwenda msikitini. Brashi yake aliinunua Makambako alipokuwa kijana, katika miaka ya ujenzi wa reli ya TAZARA, ulioanza mwaka 1970 na kumalizika mwaka 1975. Wasomaji wetu vijana huenda hawajui kwamba sehemu ya gharama za ujenzi ule hapa nchini ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizoletwa kuuzwa madukani; kwa hiyo siku hizo mabakuli, taa, vitambaa na hata brashi za Uchina zilienea kila mahali, na zilikuwa imara. Kwa brashi hiyo moja mzee aliwanyoa watoto wake wote sita, kila mmoja katika siku yake ya saba, kama ilivyo suna. Alipofariki, mkewe aliifuta, akaiweka ndani ya mkebe, na mkebe akauweka sandukuni pamoja na tasbihi na kofia yake.

Sasa mwanawe wa mwisho alikuwa amejaaliwa mtoto wa kike, na sisi tulialikwa katika akika. Jioni ya siku ya sita, mbuzi akiwa amefungwa uani na wanawake wakichambua mchele, bibi alifungua sanduku akautoa ule mkebe mbele ya watu. “Hii ndiyo iliyomnyoa baba yake,” akasema, “na kesho itamnyoa na yeye.”

Mjukuu wake mmoja, kijana wa kidato cha tatu, aliipokea brashi kwa mikono miwili, akaigeuza, akaona chini ya mpini maandishi yaliyokwisha kufifia: PURE BRISTLE, na chini yake jina la Uchina. Bibi akamwuliza maana yake. Kijana akajibu kwamba neno la kwanza maana yake ni safi, kitu kisichochanganywa na kingine. Bibi akafurahi sana. “Alhamdulillahi,” akasema, “babu yako hakuwa mtu wa kununua kitu kichafu.”

Neno la pili kijana hakulijua. Naye ni mtoto mwenye bidii, kwa hiyo alikwenda kulitafuta katika kamusi. Aliporudi hakusema kitu. Alimwita baba yake mdogo kando, karibu na zizi, wakanong'ona kwa muda mrefu, na baba wa mtoto akarudi amekunja uso. Neno lile, kama walivyolikuta, ni unywele mgumu wa mnyama, na khasa nguruwe.

Mambo ya namna hii hayafichiki katika nyumba yenye wageni. Baada ya sala ya Isha bibi alikuwa amekwisha kujua. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliuliza suala moja tu: “Na sala zake?”

Kabla ya kueleza alichojibiwa, yatupasa tulieleze neno lenyewe, maana kijana yule hakukosea. Katika lugha ya watengenezaji wa brashi, neno bristle likiandikwa peke yake pasipo kutajwa mnyama mwingine, makusudio yake ni manyoya ya nguruwe. Neno boar nalo ni hilo hilo. Brashi za Italia huenda zikaandikwa setola, na za Ujerumani Schweineborste, na zote ni mamoja. Neno pure linalotangulia halina maana ya twahara tunayoijua sisi. Maana yake ni kwamba nguruwe huyo hakuchanganywa na kitu kingine! Manyoya hayo hutoka mgongoni na shingoni mwa mnyama. Ni manene na magumu, yanashika maji, na ncha zake hupasuka vipande vipande zikawa laini kadiri zinavyotumika, ndiyo sababu watengenezaji wameyapenda kwa karne nyingi, na Uchina imekuwa muuzaji wake mkubwa duniani.

Basi usiku ule baba wa mtoto alimpigia simu shehe mmoja wa Makambako, mtu mzima aliyesoma, akamweleza kisa chote, na bibi akikaa karibu akisikiliza.

Shehe alianza kwa kumtoa khofu. Alisema kuwa Kurani imetaja uchafu wa nguruwe katika Suratul An'am, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa nchi hii, nguruwe ni najisi nzito mwili wake wote, manyoya yake hayakutoka katika hukumu hiyo, na kauli iliyo mashuhuri ni kwamba kilichoguswa nacho kwa umajimaji huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Kikavu kwa kikavu hakihamishi najisi, lakini brashi ya kunyolea haitumiki ikiwa kavu. Kwa hiyo anayeijua kuwa ni ya nguruwe hana rukhsa ya kuendelea nayo, wala haifai kupakwa kichwani mwa mtoto.

“Lakini marehemu hakujua,” shehe akaendelea. Akasimulia hadithi iliyopokewa na Abu Daudi kutoka kwa Abu Said al-Khudri, ya siku Mtume (S.A.W.) alipokuwa akisalisha, akavua viatu vyake ndani ya sala kwa kuwa Jibrili alimjulisha kwamba vina uchafu, na akaimaliza sala ile wala hakuianza upya. Kwa dalili hii wako wanavyuoni waliosema kwamba aliyesali na najisi asiyoijua hairudii sala yake. Ni kweli kwamba Imamu Shafi'i ana kauli mbili katika suala hili, na kauli yake ya mwisho ni kwamba hurudiwa. Lakini Imamu Nawawi, ambaye ni nguzo ya madhehebu yetu, aliichagua ile ya kwanza kwa nguvu ya dalili. Na Nawawi huyo huyo aliona pia kwamba, kwa upande wa dalili, najisi ya nguruwe inatosheka kwa kuoshwa mara moja bila ya udongo kama najisi nyingine. “Na mzee wetu,” akasema, “alikuwa akimaliza kunyoa ndipo anaoga josho la Ijumaa, au sivyo?”

Bibi alijibu kwa sauti kwamba ndivyo, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimchemshia maji, ndoo nzima.

Shehe akaongeza kwamba Imamu Malik, ambaye ni mwalimu wa Imamu Shafi'i, hakuiona nywele ya nguruwe kuwa ni najisi, kwa hoja kwamba nywele haina uhai wa kufa. Na kwamba Imamu Abu Hanifa, ingawa kwake nguruwe ni najisi, aliwaruhusu washona ngozi kutumia unywele wake kwa sababu ya dharura, kwani zamani hawakuwa na kitu kingine cha kupitishia uzi katika tundu la ngozi. Hakuyataja haya ili watu wayafanye njia ya kuendelea na brashi zao, maana leo hakuna dharura yoyote. Aliyataja ili mjane ajue kuwa mumewe hakuwa nje ya mipaka ya maimamu. Tulimwona bibi akivuta upindo wa kanga akajifuta uso, akaondoka kwenda kuangalia mchele.

Asubuhi mtoto alinyolewa bila ya brashi, na kwa kweli mtoto wa siku saba haihitaji. Maji yalipashwa mpaka yakawa vuguvugu, mlango ukafungwa kuzuia upepo, mkaa ukawashwa mapema chumbani na jiko likatolewa nje kabla mtoto hajaingizwa, kwani moshi wa mkaa katika chumba kilichofungwa unaua. Povu lilipigwa mkononi kwa sabuni laini, wembe ukafunguliwa mpya katika karatasi yake, na mkono uliokuwa mwepesi kuliko yote katika nyumba ile, nao ni wa shangazi yake, ukapita taratibu na kuuzunguka utosi ambao bado haujakaza. Mara alipomaliza akafutwa, akavishwa kofia ya sufu. Nywele ziliwekwa katika karatasi ili zipimwe, itolewe sadaka ya uzito wake wa fedha. Lau baridi ingezidi au mtoto angekuwa mgonjwa, hapakuwa na ubaya kungoja siku nyingine. Suna haikuwekwa ili imdhuru mtoto.

Siku chache baadaye tulifuatana na baba wa mtoto kwenda Makambako, safari ya kilomita 60 hivi kwa barabara ya lami, yeye akitaka kumshukuru shehe na kutafuta brashi ya halali, na brashi ya baba yake akaichukua ndani ya mfuko. Makambako ni njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli nayo inapita, kwa hiyo hakuna bidhaa ambayo haifiki sokoni pake. Shehe alitufuata mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu asiyeona haya kuwauliza wauzaji maswali, tulijifunza mengi katika saa mbili tu.

Tulikuta brashi za aina nne. Za kwanza ni hizo za nguruwe, na ndizo rahisi miongoni mwa za nywele za wanyama. Rangi yake ya asili huwa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lakini wako watengenezaji wanaozitia mlia mweusi katikati ili zifanane na zile za pili ambazo ni za bei kubwa. Mnunuzi anayetazama rangi tu hudanganyika.

Za pili ni za mnyama ambaye Waingereza humwita badger. Sisi hatunaye, ni jamaa wa nyegere wetu, mwenye milia myeusi na myeupe usoni, na nywele nyingi za brashi hizi hutoka Uchina. Nywele yake ni laini, nyeupe nchani, nyeusi katikati, na nyeupe tena shinani, na wapenzi wa kunyoa huisifu kuliko zote. Lakini nywele hizo hutolewa katika ngozi ya mnyama asiyechinjwa kisharia, na katika madhehebu yetu nywele za mfu hufuata hukumu ya mfu, hazitwahariki kwa kuoshwa. Mahanafi na Mamaliki hawasemi hivyo. Wao huziona ni twahara. Kwa hiyo Mwislamu wa Kihindi anayefuata Abu Hanifa akiwa na brashi hiyo asishambuliwe na jirani yake wa Kishafi'i, kila mmoja ana imamu wake. Ila sisi tunamshauri Mshafi'i aiache, na khasa kwa kuwa fedha yenyewe ni nyingi.

Za tatu, nazo ni chache, ni za singa za farasi, zinazokatwa mkiani na shingoni mnyama akiwa hai. Farasi kwetu ni halali kuliwa, na nywele ya mnyama wa halali ikikatwa naye yu hai ni twahara. Upande wa sharia hazina neno. Upande wa afya zina khabari yake ya kale ambayo inafaa kujulikana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, brashi nzuri za Ujerumani zilipokatika, viwanda vya Uingereza na Marekani viliingiza singa kutoka Asia, na nyingine hazikusafishwa ipasavyo. Askari na raia wakaanza kuota majipu meusi usoni na shingoni, na wengine wakafa. Ilikuwa kimeta, ugonjwa ule ule ambao wafugaji wetu wanaujua kwa ng'ombe anayeanguka ghafla, na ambao mbegu zake hukaa katika nywele na udongo kwa miaka mingi. Mwaka 1920 Uingereza ilipiga marufuku kuingizwa kwa brashi za kunyolea za Japani kwa sababu hiyo. Siku hizi viwanda husafisha nywele kwa joto na dawa, na khatari hiyo imeondoka katika brashi mpya za viwanda vinavyojulikana. Lakini brashi kuukuu iliyookotwa katika mitumba, isiyojulikana imetengenezwa wapi wala lini, sisi hatuitaki, hata ikiwa na mpini wa pembe.

Za nne ni za nyuzi za kutengenezwa, za nailoni na jamaa zake. Nyuzi hizi zilianza katika miswaki: mwaka 1938, huko Marekani, kampuni ya Du Pont ilipotoa nailoni, kitu cha kwanza kuuzwa kwa watu kilikuwa nyuzi za mswaki. Kabla ya hapo miswaki ya dukani ilikuwa ya manyoya ya nguruwe. Na mwenye kuchekwa kwa kupiga mswaki wa mti anaweza kulikumbuka hilo. Brashi za mwanzo za nailoni zilikuwa ngumu na zilimwaga maji, na mpaka leo wazee huzisema vibaya kwa sababu hiyo. Za siku hizi ni laini, ncha zake zimefanywa nyembamba, hazitaki kulowezwa, hupiga povu kwa sabuni kidogo, na hukauka upesi. Hili la kukauka ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Katika hewa ya ubaridi na ukungu kama ya Njombe, brashi ya nywele za mnyama huweza kushinda ikiwa na unyevu, ikaota ukungu na kunuka. Ya nyuzi ukiikung'uta na kuisimamisha dirishani, kesho yake ni kavu. Tena ni ya bei nafuu. Shehe alisema kwa mzaha kwamba ni mara chache sharia, afya na mfuko hukubaliana katika kibanda kimoja cha soko.

Tukamwuliza: na isiyoandikwa kitu? Akasema asili ya vitu ni twahara, na yakini haiondolewi na shaka, kwa hiyo mtu asijitie katika wasiwasi akawa hapiti dukani ila anatoa udhia. Lakini kama inawezekana kujua bila ya taabu, ni vizuri kujua. Akamwomba muuzaji ruhusa, akang'oa unywele mmoja wa brashi na kuuweka kwenye moto wa kiberiti. Ulijikunja, ukawa jivu linalopukutika, ukanuka kama manyoya ya kuku yaliyoungua. Akang'oa wa brashi nyingine: huo uliyeyuka, ukafanya kishanga kigumu, na harufu yake ilikuwa ya plastiki. Jaribio hili halikwambii ni mnyama gani, lakini linakwambia kama ni mnyama au si mnyama, na hilo latosha.

Kuhusu ukubwa, shada la nywele lenye upana wa milimita 22 hadi 24 linatosha uso na kichwa. Likiwa kubwa zaidi hula sabuni bure. Bonyeza ncha kiganjani: zisichome, na zikiachwa zirudi mahali pake. Vuta kidogo, zikitoka tano sita, gundi yake ni mbovu. Usiitie brashi yoyote katika maji yanayochemka, kwani joto huilegeza gundi. Na sabuni nayo isomwe karatasi yake, maana sabuni nyingi za kunyolea hutiwa mafuta ya wanyama yasiyotajwa ni wa namna gani. Sabuni ya mawese au ya nazi inafanya kazi hiyo bila ya mashaka, na kipande cha shabu kilicholoweshwa hukausha mikwaruzo vizuri kuliko manukato yenye kuchoma.

Wakati tukiwa sokoni tuliona vibanda vya vinyozi vimejaa wasafiri wanaongoja mabasi. Kinyozi mmoja alikuwa na brashi moja na kikombe kimoja cha povu kwa vichwa vyote, na mwingine alipangusa wembe kwa kitambaa akaendelea na mtu wa pili. Hapa hatusemi tena khabari za nguruwe. Choa na mapunye hupita kwa brashi, na wembe uliotoa damu ya mtu unaweza kupitisha UKIMWI na homa ya ini kwa mwingine. Mtume (S.A.W.) ametufundisha usafi wa fitra, kupunguza masharubu na kunyoa pa kunyolewa, na katika hadithi ya Anas bin Malik tusiyaache zaidi ya siku arobaini, si vizuri basi mtu akaenda kuutafuta usafi akarudi na maradhi. Msafiri achukue wembe wake na brashi yake katika mfuko mdogo, na amwambie kinyozi kwa adabu atumie hivyo. Na vijana wanaokaa katika viti vile wakanyolewa ubavuni na kuachiwa kishungi katikati, wajue kwamba kunyoa sehemu ya kichwa na kuacha sehemu kumekatazwa katika hadithi ya Ibn Umar, hata kama kinyozi ana picha yake ukutani.

Kina mama nao wasidhani kwamba suala hili ni la wanaume. Brashi ya kupakia mafuta juu ya mikate na ile ya kupakia rangi ukutani aghlabu ni za manyoya hayo hayo. Ndugu zetu wa Malaysia, ambao ni Mashafi'i kama sisi, wameweka tangu mwaka 2013 amri kwamba kitu chochote chenye sehemu ya nguruwe au mbwa kiandikwe wazi, na mwaka 2017 wakaguzi wao walikamata brashi zaidi ya 2,000 madukani kwa kutofuata amri hiyo. Jikoni brashi ya nyuzi, au kitambaa safi, kinatosha.

Baba wa mtoto alinunua brashi mbili za nyuzi. Moja aliitia mfukoni. Ya pili alimpa shehe aishike, akaitoa ile ya marehemu, akauliza kwa sauti ndogo kama mpini nao ni lazima utupwe. Shehe akasema mpini ni mti, mti huoshwa. Basi tukaenda kwa seremala mmoja karibu na stesheni. Alilikata shada la nguruwe, akachimbua mizizi yake katika tundu kwa keekee, na manyoya yakafukiwa nyuma ya karakana. Mpini ukaoshwa mara saba, mara ya kwanza kwa maji yaliyochanganywa na udongo, na keekee na mikono ikaoshwa vile vile. Kisha akalichomoa shada la ile brashi mpya, akalijaribu katika tundu, akapanua kidogo, akalitia gundi, akasema lisiguswe mpaka kesho.

Alipoulizwa kama afute maandishi ya chini, baba wa mtoto alisita, akasema amwulize mama kwanza. Akapiga simu. Bibi alifikiri kidogo, kisha akasema lile neno la pili lifutwe, na la kwanza liachwe kama lilivyo. Seremala akachukua msasa.